Trekta Chini ya Matango

Tarehe ishirini na nane Mei, saa mbili asubuhi, Balbaara alikunja mkono wa sweta, akainama, akauzamisha mkono wake katika tuta la samadi mpaka kwenye kiwiko. Kila mwanamke wa kijiji kile cha kaskazini ya mbali hufanya hivyo siku hizo. Samadi ya ng'ombe, iliyorundikwa majira yote ya baridi ikiwa imeganda kama mawe, huanza kuyeyuka, kuoza na kupata joto. Mtu akisikia joto kama la maji ya kumwogeshea mtoto, huchimba vishimo juu ya tuta, hujaza udongo mweusi, hupanda miche ya matango aliyoilea dirishani tangu Machi katika maboksi ya maziwa, kisha hufunika kwa nailoni. Chini ya samadi ni ardhi iliyoganda tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka. Bila samadi tango halioti. Likiota halikui. Likikua, jalidi ya Agosti, baridi ya kugandisha majani, hulikuta bado lina ua puani.

Joto alilolikuta Balbaara halikuwa la kumwogeshea mtoto. Lilikuwa la kuunguza. Na tuta lilikuwa likitetemeka.

Alitoa mkono, akaufuta kwenye aproni, akalaza sikio chini. Kulikuwa na injini. Ilinguruma mara tatu, ikakohoa, ikanguruma tena mara tatu, ikakohoa. Balbaara aliijua sauti ile. Ilikuwa nozeli ya tatu, kile kipua cha kupulizia dizeli ndani ya injini. Mumewe Aramaan aliilalamikia majira yote ya baridi ya mwaka themanini na sita, mezani na kitandani, mpaka mke wake akawa anajua habari za nozeli kuliko alivyopenda kujua.

"Kumbe uko hapa," alisema. Kisha akaenda kuleta miche, kwa sababu siku za kupanda hazimsubiri mtu.

Mahali pale palikuwa ziwa. Watu hawakuliita kwa jina, maana kwao maji makubwa hayaitwi kwa jina kama mbwa. Waliliita Bibi. Kiangazi cha miaka miwili nyuma, barafu iliyojificha ndani ya ukingo wa mashariki iliyeyuka, ukingo ukabomoka, na Bibi akaondoka kwa usiku mmoja, na samaki wake wote. Asubuhi watu walisimama ukingoni na ndoo zao, wakatazama tope. "Bibi amehama," mmoja akasema, wakarudi kunywa chai. Mwaka uliofuata tope liliota majani hadi kiunoni, na mkuu wa kijiji, Sardaana, akagawa viwanja vya bustani. Vya karibu na barabara vilikwenda kwa wenye ndugu ofisini. Cha katikati kabisa, kinachovuta mabuti miguuni, alipewa Balbaara.

Hakulalamika. Alikuwa na ng'ombe wawili, toroli moja, na miaka thelathini na mitano ya kuzoea kupewa kilichobaki.

Miaka hiyo ilianza Aprili ya themanini na sita. Wakati ule kijiji kizima kilikuwa shamba la serikali, na mkurugenzi wake alikuwa Uybaan, mtu mrefu mwenye sauti ya kuitia farasi. Nyasi za ng'ombe zilikwisha, nyingine zilikuwa ng'ambo ya ziwa. Kulikuwa na amri kutoka juu kwamba baada ya tarehe tano Aprili chombo chochote kisikanyage barafu. Tarehe kumi na tisa Uybaan alikuja mlangoni kwa Aramaan kabla ya chai.

"Ng'ombe hawali kalenda," alisema. "Vuka."

"Barafu imeshakuwa nyeusi, mkuu, haibebi tena."

"Nyeusi ni hayo macho yako. Vuka, urudi kabla ya mchana. Na ile nozeli nitakuletea."

Balbaara alimsindikiza mumewe hadi kwenye trekta, ambalo lilikuwa likinguruma nje kama lilivyonguruma tangu Oktoba. Kule dereva hazimi injini majira ya baridi. Anayezima Januari huwasha Mei, kama bado ana cha kuwasha. Watoto hufundishwa hilo kabla ya kufundishwa kusoma. Juu ya bomba la moshi Aramaan alikuwa amefunga kopo la maziwa kwa waya, likicheza kama kifuniko cha sufuria, ili theluji isiingie. Alipanda, akapunga mkono, akaenda.

Hakurudi. Usiku ule theluji ilianguka na barafu ikajiziba yenyewe. Uybaan angeulizwa juu ya tarehe tano, kwa hiyo aliandika, kwa mkono wake, kwamba dereva Aramaan alilichukua trekta bila ruhusa, akashuka nalo njia kuu mpaka kwenye machimbo ya dhahabu, akaliuza. Karatasi ikagongwa muhuri. Picha ya Aramaan iliondolewa kwenye ubao wa wafanyakazi bora ukumbini. Binti yao aliitwa Mtoto wa Trekta shuleni mpaka alipomaliza masomo, akahamia mjini, asirudi.

Kila mwaka, kwenye sikukuu ya kiangazi, kabla ya maziwa ya farasi kunyunyizwa motoni kuomba baraka, husomwa majina ya wanakijiji waliofia kazini. Ni majina kumi na saba. Aliyeyasoma miaka yote ni Uybaan, hata baada ya shamba la serikali kuvunjwa, kwa sababu sauti yake ilifika mbali. Balbaara alikaa safu ya tatu, akahesabu. Alichotaka duniani hakikuwa kikubwa. Alitaka lisomwe la kumi na nane.

Matango yake yalikuwa tayari tarehe kumi na tano Juni, wakati ya wenzake yalikuwa bado na majani manne. Jirani yake Nastaa ndiye aliyekuja wa kwanza, na bakuli mkononi.

"Shoga, umeyavalisha sweta haya?"

"Hebu sikiliza chini."

Nastaa aliinama kwa tabu, mkono mmoja kiunoni, akalaza sikio.

"Huyo ni mumeo," alisema. "Anakohoa vilevile."

"Ndiye."

"Maskini. Na maji yote yale." Nastaa alijinyoosha, mifupa ikalia. "Nipe sita. Hapana, nipe nane. Mkwe wangu yuko nyumbani, anakula kama trekta. Samahani."

Wakaja na wengine. Walisikiliza, wakatikisa kichwa, wakatoa mabakuli. Mafundi wazee walibishana kama ni nozeli ya tatu au ya nne. Aliyesema ya nne alizomewa. Wanawake waliokuwa na miche dhaifu dirishani waliomba nafasi kidogo pembeni mwa tuta, na Balbaara aliwapa. Mwisho wa Juni kulikuwa na nyanya, pilipili, na matikitimaji mawili yaliyolala juu ya ubao yasiungue tumbo. Kwenye tundu la panya, kona ya kiwanja, moshi mwembamba wa dizeli ulitoka asubuhi, na mbu hawakupakaribia.

Kwenye sikukuu, matango yake yalikatwa yakawekwa kwenye meza kuu. Uybaan, sasa ana miaka themanini na mitatu na meno manne, alisimama kando ya moto, akasoma majina. Uwanja haukuwa mbali na bonde la ziwa. Kila alipopumzika kati ya jina na jina, ngurumo ilisikika, na kile kikohozi. Mtu mmoja nyuma alisema mzee asome haraka kidogo, yule wa chini asije akamkatiza. Watu walicheka. Uybaan alifika la kumi na saba, akakunja karatasi.

Jumatatu Balbaara alikwenda ofisini kwa Sardaana. Sardaana ni binti wa mwisho wa Uybaan, mwanamke mwenye adabu, na mgeni haondoki kwake bila chai.

"Shangazi, mimi nakuamini," alisema, maana kule kila mwanamke mzee huitwa shangazi. "Nimekwenda mwenyewe, nimesikia. Lakini karatasi haina masikio. Karatasi inasema trekta liko machimboni. Sasa trekta moja litakuwaje mahali pawili?"

"Si mchimbe, mjue liko wapi?"

"Kuchimba kuna utaratibu wake."

"Na kuandika hakukuwa na utaratibu?"

Sardaana alimwongezea maziwa kwenye chai. Kisha akaandika barua wilayani, na mwezi wa saba akaja mkaguzi, kijana mwenye kipimajoto kirefu kama mshale. Alikichoma tutani mara tisa. Alilala kifudifudi, akasikiliza, akaandika. Alikula nyanya nne. Alikubali kwamba kile ni trekta la kutembelea minyororo, la mtindo wa zamani, na kwamba linafanya kazi vizuri isipokuwa nozeli ya tatu. Lakini jina la trekta ni namba yake, na namba iko ubavuni mwa injini. Pasipo kuisoma, trekta lile lingeweza kuwa la mtu yeyote.

"La mtu yeyote aliyezama kwenye ziwa letu?" Balbaara aliuliza.

"Mama, mimi naandika ninachokiona."

Na kuchimba zaidi ya mita moja katika ardhi ya namna ile, alisema, kunahitaji kura ya kijiji, maana baridi ikishaingia chini haitoki. Katika ripoti yake aliandika: chanzo cha joto, asili haijulikani, kinafaa kwa kilimo.

Jalidi ilikuja tarehe kumi na mbili Agosti. Ilipita kijijini alfajiri bila kelele, na jua lilipochomoza majani ya viazi yalikuwa meusi kama karatasi iliyoungua, na matango chini ya nailoni yamekuwa ute. Haikuacha bustani ya mkuu wa kijiji wala ya mwalimu. Ilisimama hatua kumi kutoka kwenye tuta la Balbaara, mstari ukionekana wazi, huku nyeupe, huku kijani. Siku ile alichuma ndoo ishirini na mbili, akagawa, kwa sababu kule mwenye chakula hafungi mlango jalidi inapopita kwa jirani.

Jioni Uybaan alikuja na fimbo yake. Alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Balbaara alimkwangulia tango kwenye kikombe, kwa ajili ya meno yake manne, akalitia chumvi na malai. Mzee alikula kwa kijiko, polepole. Chini yao injini ilikohoa.

"Ya tatu," alisema Uybaan.

"Ya tatu."

"Nilimwahidi nyingine. Hata niliileta. Iko kwenye droo yangu mpaka leo, kwenye karatasi yake ya mafuta."

Balbaara alimwongezea malai kikombeni.

"Barafu ilikuwa nyeusi," alisema mzee. "Niliiona kabla yake."

"Kayaseme hayo kwenye mkutano."

Uybaan alikwangua kikombe mpaka chini. "Balbaara, nimeyasoma majina yale miaka thelathini na mitano. Nikiongeza moja leo, watu watauliza nimewasomea nini miaka yote. Mimi nina themanini na mitatu. Sina miaka mingine ya kuwasomea vizuri."

"Aramaan alikuwa na thelathini na mmoja."

"Najua. Nilikuwa kwenye arusi yenu." Alinyanyuka kwa fimbo. "Tango zuri. Halina uchungu kabisa."

Mkutano wa kura ulifanyika ukumbini wiki iliyofuata. Watu walikuja wengi kuliko siku ya uchaguzi. Sardaana alieleza jambo bila kuegemea upande: wakichimba, namba itasomwa na ukweli utajulikana, lakini shimo litaingiza baridi, na injini ikishafikiwa na baridi inaweza kuzimika, na tuta litakuwa tuta kama mengine. Balbaara aliulizwa kama ana la kusema.

"Mnamsikia nyote," alisema. "Mnajua ni nani. Nataka asomwe."

 Uybaan aliulizwa, kwa kuwa yeye ndiye mkurugenzi wa wakati ule, na yeye akasema siku hizi masikio yake hayana kazi nzuri. Kisha mikono ilinyanyuliwa. Wa kuchimba, wanne. Wa kutochimba, themanini na mmoja. Balbaara alitazama nyuma, akauona mkono wa Nastaa kati ya ile themanini na mmoja, umenyanyuka nusu, kama wa mtu anayeshika ukuta.

Nje, Nastaa alimkimbilia.

"Usininunie, shoga. Nina wajukuu watano. Daktari kasema mdogo fizi zinatoka damu kwa kukosa mboga. Aramaan mwenyewe angekuwa hai angesema wapeni watoto nyanya."

"Angekuwa hai angesema mwenyewe," Balbaara alijibu. "Twende, nina maboga mawili yako."

Mwisho wa Septemba, mazao yakiwa yameshatoka na theluji ya kwanza ikiyeyuka kwenye kiwanja kile peke yake, Balbaara alichukua koleo. Mita moja hakuna aliyemkataza. Alichimba kwa siku mbili pale kwenye tundu la panya, akikata udongo laini uliokuwa na harufu ya samaki na dizeli. Siku ya pili, kwa kina cha kiuno chake, koleo liligonga chuma. Ilikuwa ncha ya bomba la moshi. Juu yake, kwa waya uliosokotwa mara tatu, namna aliyosokota mtu mmoja tu kijijini, kulikuwa na kopo la maziwa. Lilikuwa likicheza juu na chini, tak, tak, tak, likanyamaza kidogo, tak, tak, tak.

Balbaara alikaa ndani ya shimo, mgongo kwenye udongo wa moto. Chini ya bomba, mita nyingine moja na nusu, kulikuwa na kiti. Alifikiri juu ya kiti hicho. Alifikiri kwamba akishuka atamkuta, na akimkuta atamzika, na akimzika kwa karatasi ile ya Uybaan atakuwa amemzika mwizi. Jina kwanza, alisema, mifupa baadaye. Akafungua waya, akalitia lile kopo mfukoni, akafunga lingine jipya, la njegere, kwa waya uleule, akafukia.

Alilipeleka kopo ofisini, akaliweka mezani kwa Sardaana. Lilikuwa bado na joto, na likaacha duara kwenye karatasi zilizokuwa pale.

 Sardaana alikuwa mtoto wa miaka sita mwaka ule wa themanini na sita, na alikuwa amewahi kupakiwa na Aramaan kwenye trekta lile, mara mbili, kwenda kuona ndama. Kopo alilikumbuka. Alilishika kwa mikono miwili.

"Shangazi," alisema, "kopo halina namba."

"Lina mkono wa mtu."

"Baba yangu ni mzee sana."

Hayo ndiyo yaliyosemwa. Kopo halikutupwa. Ukumbini kuna kabati la vioo la vitu vya kale, na Sardaana aliliweka humo yeye mwenyewe, kati ya mundu na pembe ya mamothi, tembo wa kale mwenye manyoya, na kikaratasi kilichochapwa vizuri: Kopo. Limetolewa na Balbaara, mkulima.

Majira ya baridi yalikuja. Novemba ilikuwa nyuzi arobaini chini ya sifuri, Desemba hamsini na mbili. Ukungu ulikaa juu ya paa, na kila ua ulikuwa na gari linalonguruma mchana na usiku, likinywa mafuta bila kwenda popote. Kiwanja cha Balbaara kilibaki kimelowa, cheusi, kinatoa mvuke. Wa kwanza kufikiri alikuwa mkwe wa Nastaa. Alileta gari lake dogo, akaliegesha juu ya tuta, akazima kwa ufunguo. Asubuhi akauzungusha, likawaka mara moja kama la nchi za joto. Siku tatu baadaye kulikuwa na magari kumi na moja. Kisha likaja gari la wagonjwa, na basi la shule, na lori la kuleta mkate. Madereva walikuja wakiwa na funguo mkononi na haya kidogo usoni, wakamwamkia Balbaara, wakazima. Kijiji kikawa kimya usiku kwa mara ya kwanza tangu magari yafike huko. Watu walilala hadi wakachelewa kazini.

Wilaya ilisikia, ikafurahi, ikatoa cheti. Mahali pale palihitaji jina, kwa ajili ya cheti. Mwezi wa pili kibao kilisimamishwa, rangi ya buluu, herufi nyeupe: Uwanja wa Uybaan, Mkurugenzi Mwanzilishi. Mzee alikuja kwenye uzinduzi kwa kiti cha magurudumu, amefunikwa ngozi ya dubu. Alipopewa mkasi wa kukata utepe alikata hewa mara mbili, na Sardaana akamsaidia. Waliopiga makofi hawakuvua glavu, kwa hiyo makofi hayakusikika sana.

Mwezi wa tatu Balbaara alipanda mbegu za matango kwenye maboksi ya maziwa, akayapanga dirishani. Mei aliomba magari yaondolewe tutani, na yaliondolewa, bila ugomvi. Juni, kwenye sikukuu, Uybaan hakuweza kusimama tena, kwa hiyo majina yalisomwa na Sardaana. Alisoma vizuri, hakukosea hata moja. Yalikuwa kumi na saba. Kwenye meza kuu kulikuwa na matango, nyanya, na matikitimaji manne.

Kuanzia Oktoba magari yalirudi. Saa tisa alasiri, jua fupi la majira ya baridi likishazama, madereva huja mmoja mmoja, huegesha na kuzima, hutia funguo mfukoni, huenda nyumbani kula. Balbaara hungoja mpaka wa mwisho aondoke. Hapo hupita kati ya gari na gari, hupiga magoti kwenye ardhi yenye joto, hugonga mara tatu kwa ufunguo wa ghala.

"Zima, Aramaan," humwambia. "Wenzako wote wameshazima."

Chini injini hunguruma mara tatu, hukohoa, na kuendelea.